Swali Nililolilainisha

Kazi ya ukalimani humfundisha mtu unyenyekevu wa ajabu. Unasema siku nzima, na hakuna hata neno moja lililo lako. Mwenzako akikasirika, unakasirika kwa niaba yake, akitania, unatania, akinyamaza, nawe unapata nafasi ya kunywa maji. Jioni unarudi ulikofikia koo limekauka, na mtu akikuuliza leo mmezungumza nini, huna la kumwambia. Nimeifanya kazi hiyo kwa miaka zaidi ya ishirini baada ya kuacha kufundisha shule, na kwa sehemu kubwa sina la kujutia. Lakini liko swali moja lililoingia masikioni mwangu likiwa hivi, likatoka kinywani mwangu likiwa vile. Nimekaa nalo miaka mingi. Leo, ndugu msomaji, nataka kulirudisha kwa mwenyewe.

Ilikuwa mwaka 2008, katika mji mmoja wa mashariki ya Congo. Serikali moja ya nje, tena tajiri, ilikuwa imetuma wakufunzi kuwafundisha maofisa wa jeshi la nchi ile haki za binadamu na sheria za vita. Sitaitaja serikali hiyo wala mji huo. Si kwa woga. Kosa nitakalolisimulia lilikuwa langu, na sipendi litafutiwe mtu mwingine wa kulibeba.

Mimi ni mtu wa Ujiji. Kwetu sisi Congo si ugenini. Ukisimama ufukweni asubuhi ya hewa safi unaiona milima yake ng'ambo ya ziwa. Kifaransa nilikipata Bujumbura nilipokuwa kijana, Kiingereza nilikifundisha, na Kiswahili cha Wakongo nilikizoea sokoni na kwenye maboti. Wakufunzi wale walijua Kiingereza peke yake. Wanafunzi wao walikuwa maofisa wapatao thelathini, waliotoka katika majeshi yaliyokuwa yakipigana yenyewe kwa yenyewe, kabla ya vita kutangazwa kuwa vimekwisha mwaka 2003 na wapiganaji kuchanganywa ili wawe jeshi moja. Wako waliozungumza Kilingala, wako wa Kinyarwanda, wako wa Kifaransa cha shuleni. Kiswahili ndicho kilichowaweka wote katika chumba kimoja bila kugombana. Basi nikaitwa.

Kozi ilikuwa ya wiki tatu. Tulikaa katika ukumbi wa hoteli, jenereta likinguruma nje, chai saa nne, chakula saa saba, na picha ya pamoja siku ya mwisho. Wakufunzi walikuwa wawili: meja mstaafu mwenye mvi, na mwanamke kijana aliyekuwa mwanasheria. Nataka niwe mwadilifu kwao. Walikuwa watu wema, walioiamini kazi yao. Hawakuja kutalii. Yule mwanasheria alikuwa ameisoma katiba ya Congo ya mwaka 2006 kuliko maofisa wengi waliokuwa mle ndani, na alikuwa na kifungu kimoja alichokipenda kama mtu anavyopenda wimbo, kifungu cha 28. Kwa maneno machache, kifungu hicho kinasema kwamba hakuna mtu anayelazimika kutekeleza amri ambayo uharamu wake uko dhahiri.

"Hii ni zawadi ambayo nchi yenu imewapeni," alisema. "Askari wa nchi nyingi hawana maneno haya katika katiba zao." Nikatafsiri. Maofisa wakaandika.

Nilipata taabu na baadhi ya maneno. Neno lao la kuwajibika lilinishinda kwa siku mbili nzima. Kila nilipolitumia la Kiswahili sanifu walinitazama tu. Nilipojaribu la Kifaransa wakatikisa vichwa kuwa wameelewa, lakini baadaye nikagundua kuwa katika mazungumzo yao neno hilo ndilo wanalomwitia mkubwa wa mahali. Kwa hiyo mwalimu aliposema kwamba kamanda lazima awajibike, wao walisikia kwamba kamanda lazima awe mkubwa. Hilo walikuwa wakilijua tangu zamani. Mwishowe nikaanza kusema, "Kamanda ndiye atakayeulizwa." Hapo wakacheka, lakini walielewa.

Jumatano ya wiki ya pili, mwalimu alikirudia kifungu cha 28. Akauliza kama kuna swali. Nyuma, karibu na dirisha, alikuwa akikaa kapteni mmoja mwembamba, aliyekuwa akiandika kila kitu katika daftari la shule kwa herufi ndogo sana, kana kwamba karatasi inauzwa kwa kila neno. Hakuwahi kusema tangu tuanze. Siku hiyo alisimama. Hakuwatazama wakufunzi. Alinitazama mimi.

"Muzee," akasema, "ile kifungu iko muzuri sana. Lakini bakubwa yetu ndio banashika mushahara yetu. Siku nitakataa amri, ni nani atasimama nyuma yangu? Na ni nani atalisha batoto yangu?"

Ukumbi ulinyamaza kiasi kwamba nilisikia jenereta peke yake. Mstari wa mbele kanali mmoja aligeuka polepole akamtazama yule kapteni, kisha akageuka tena mbele akakunja mikono.

Mkufunzi alikuwa ananisubiri. Sikuchukua hata nusu dakika. Nikasema kwa Kiingereza safi, cha mwalimu wa miaka mingi: "Ofisa anauliza ni utaratibu gani unaofuatwa endapo mtu anataka kuwasilisha malalamiko kuhusu amri aliyopewa."

Yule mwanasheria alifurahi. "Swali zuri sana," akasema. Akaenda ubaoni, akachora visanduku: malalamiko kwa mkubwa wa mkubwa wako, nakala kwa mwendesha mashtaka wa kijeshi, tarehe, sahihi. Visanduku vinne na mishale mitatu. Nikavitafsiri vyote kimoja kimoja. Kapteni alivinakili vyote katika daftari lake. Kisha akalifunga, na hakuandika tena siku ile.

Kwa nini nilifanya vile? Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba nilimwokoa yule kijana kutoka kwa kanali aliyekuwa mbele. Lakini kanali alisikia Kiswahili chake kama nilivyosikia mimi. Yeye hakuhitaji mkalimani. Watu pekee ambao swali lile lilifichwa kwao ni wale wawili walioweza kulipeleka mahali. Ukweli ni kwamba niliogopa kuiharibu siku. Kozi ilikuwa inakwenda vizuri. Wageni walikuwa wameridhika. Na posho yangu ya siku moja, kama nilivyokuja kujua baadaye, ilikuwa kubwa kuliko mshahara wa kapteni yule wa mwezi mzima, ikiwa mshahara huo ulimfikia.

Siku ya mwisho walipewa vyeti vyenye mihuri miwili. Tulipokuwa tunaagana, kapteni alinipa mkono, akasema bila hasira yoyote, "Muzee, swali yangu haikufika."

"Ilifika, mwanangu," nikamjibu.

Hilo lilikuwa la pili, na hili halikuwa la ukalimani. Lilikuwa langu mwenyewe.

Misaada ya namna hii si kitu kipya, na haikuzuka hewani. Marekani ina mpango wake wa kuwasomesha wanajeshi wa nchi za kigeni, ulioanzishwa kwa sheria mwaka 1976. Miaka mingi mafunzo yalikuwa ya kijeshi tu: silaha, ramani, mawasiliano, uongozi wa vikosi. Mwaka 1990 Bunge la nchi hiyo liliongeza lengo jingine, kwamba wageni hao, pamoja na raia wanaosimamia majeshi, wafundishwe pia haki za binadamu, sheria za kijeshi zilizo bora, na jinsi jeshi linavyotakiwa kuwa chini ya serikali ya kiraia. Nchi nyingine za Magharibi nazo zina kozi za aina hiyo.

Hoja yake ni rahisi kuielewa. Ofisa aliyekaa darasani na watu wanaoheshimu sheria ataichukua tabia hiyo aende nayo kwao. Na hoja dhidi yake nayo ni rahisi, kwa kuwa historia imeiandika kwa damu. Tarehe 12 Novemba 1991, katika makaburi ya Santa Cruz mjini Dili, Timor ya Mashariki, askari wa Indonesia waliufyatulia risasi umati wa waombolezaji. Jeshi la Indonesia lilikuwa mwanafunzi wa miaka mingi wa mpango ule, na mwaka 1992 Bunge la Marekani likaukata kwa nchi hiyo. Miaka miwili kabla ya Dili, tarehe 16 Novemba 1989, askari wa El Salvador waliwaua mapadri sita, mpishi wao na binti yake katika chuo kikuu cha San Salvador. Wengi wa askari waliotajwa katika kesi hiyo walikuwa wamepita katika chuo kimoja cha kijeshi cha Marekani kilichowafundisha wanajeshi wa Amerika ya Kusini na ya Kati. Kutokana na mambo ya namna hiyo, mwaka 1997 ilianza kutumika sheria inayoitwa kwa jina la Seneta Patrick Leahy, inayokataza kukipa msaada kikosi chochote ambacho kuna habari za kuaminika kwamba kimetenda maovu makubwa dhidi ya haki za binadamu.

Nayasema haya ili msomaji asidhani kwamba wakubwa hawajui. Wanajua. Wametunga sheria juu ya sheria. Lakini jambo lililonirudisha kwenye swali la kapteni halikutokea Dili wala San Salvador. Lilitokea karibu na kwetu, na katika lugha yangu.

Mwaka 2010, mjini Kisangani, wakufunzi wa Kimarekani walikiandaa kikosi kimoja cha jeshi la Congo, batalioni ya 391, yenye askari wapatao 750. Kilitakiwa kiwe kikosi cha mfano. Hapo mambo hayakufanywa ovyo. Askari hao walifundishwa vita, lakini pia walifundishwa haki za binadamu na wajibu wao kwa wanawake na raia wengine. Wakaonyeshwa hata kilimo, ili waweze kujilisha wenyewe kambini badala ya kuwapora wanakijiji. Walihitimu mwezi Septemba mwaka huo. Kama ungeniuliza siku hiyo, ningesema kwamba hatimaye kuna mtu aliyelisikia swali.

Tarehe 20 Novemba 2012 waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma. Jeshi la serikali likarudi nyuma bila mpangilio, vikosi vimechanganyika, makamanda wengine hawajulikani waliko. Maelfu ya askari walijikuta Minova, mji mdogo ulio kando ya ziwa Kivu, kama kilomita 50 kutoka Goma. Kwa siku kumi hivi waliwapora na kuwabaka watu wa Minova na vijiji vya jirani. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliorodhesha wanawake na wasichana zaidi ya 130 waliobakwa. Wengine walikuwa watoto wadogo. Kati ya vikosi vilivyotajwa, viwili vilitajwa zaidi ya vingine vyote. Kimoja kilikuwa batalioni ya 391.

Nilikuwa nyumbani Ujiji. Redio ilikuwa juu ya kabati, na mke wangu alikuwa akichambua mchele. Mtangazaji alipoitaja Kisangani na mafunzo ya haki za binadamu, nilisimama nikaizima. Mke wangu akaniuliza nimepatwa na nini. Nikamwambia betri zinakwisha.

Simjui kapteni yule alikuwa wapi mwezi huo. Hakuwa wa kikosi kile wakati nilipomjua, na sina sababu ya kumhusisha na uovu wowote. Inawezekana alikuwa miongoni mwa waliozuia wenzao. Inawezekana alikuwa amekwisha kufa. Nisichoweza kukikwepa ni kwamba swali lake lilikuwa na umri wa miaka minne siku ile, na visanduku vinne vilivyochorwa ubaoni havikumsaidia mtu yeyote pale Minova.

Baada ya Minova nilisikia watu wakisema mambo mawili. Wa kwanza walisema: mafunzo haya ni upuuzi, ni kutia manukato juu ya uvundo. Wa pili walisema: mafunzo hayakutosha, yaongezwe. Hawa wa pili walipata msemaji mkubwa Januari 2013, pale Jenerali Carter Ham, aliyekuwa mkuu wa kamandi ya Marekani kwa ajili ya Afrika, alipokiri kuhusu jeshi la Mali kwamba mafunzo yao yalielemea mbinu za kivita, na hayakutoa muda wa kutosha kwa maadili ya askari. Huko Mali, Kapteni Amadou Sanogo, aliyekuwa amesoma Marekani zaidi ya mara moja, alikuwa ameiangusha serikali iliyochaguliwa mwezi Machi 2012. Kukiri kwake kulikuwa kwa kiungwana. Lakini Kisangani maadili yalifundishwa. Saa za darasa zilikuwepo. Basi kilichokosekana Minova hakikuwa somo.

Mimi kwanza nilikimbilia upande wa njaa. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko, na nilikuwa nimeyaona mengi ya kuniaminisha hivyo. Kwa miaka mingi mishahara ya askari wa Congo ilipita katika mikono ya wakubwa wao wenyewe kabla ya kuwafikia. Fedha za kikosi zilitoka mjini Kinshasa zikiwa nyingi, zikafika porini zikiwa kidogo. Palikuwa na askari hewa kwa maelfu mengi, majina tu katika orodha, na mshahara wa jina usio na tumbo uliingia katika tumbo la mwingine. Askari mwenyewe alikaa na mkewe na watoto wake katika kibanda cha turubai kando ya kambi. Umoja wa Ulaya, uliotuma ujumbe wake wa kulisaidia jeshi hilo kuanzia mwaka 2005 hadi 2016, uliligundua jambo hili mapema. Badala ya kufundisha tu, ulisaidia kuhesabu askari mmoja mmoja, kuwaandikisha kwa alama za vidole na kuwapa vitambulisho, ili njia ya mshahara itenganishwe na njia ya amri. Hiyo ilikuwa kazi isiyo na picha ya pamoja wala hotuba, lakini naamini ilikuwa somo kubwa la haki za binadamu kuliko yale niliyoyatafsiri mimi.

Hata hivyo njaa haitoshi. Mke wangu ndiye aliyenisimamisha hapo. Siku moja, nilipokuwa namweleza habari hizi za mishahara, aliniacha nimalize, kisha akasema, "Bwana, mwenye njaa huiba kuku. Hawa walikuwa na njaa gani?" Sikuwa na jibu. Ni tusi kwa maskini wote wa dunia kusema kwamba umaskini ndio unaobaka. Ukosefu wa mshahara unaweza kueleza mbuzi aliyeibwa Minova. Hauwezi kumweleza mtoto aliyeumizwa pale.

Hapo ndipo nilipolisikia swali la kapteni upya. Miaka yote nilikuwa nimelikumbuka kama swali la chakula. Lakini chakula kilikuwa nusu ya pili. La kwanza alilouliza lilikuwa: ni nani atasimama nyuma yangu? Hakuwa anaomba nyongeza ya mshahara. Alikuwa anauliza kama kuna mtu yeyote katika nchi yake, juu ya kanali wake, ambaye atamlinda anayekataa uovu na kumshika anayeuamuru. Mwalimu wetu alikuwa amempa haki ya kukataa. Yeye aliuliza hakimu yuko wapi.

Kwa Minova, jibu lilichelewa, na lilipofika lilikuwa dogo. Kesi ilifunguliwa mbele ya mahakama ya kijeshi mjini Goma mwezi Novemba 2013, washtakiwa 39. Wanawake walitoa ushahidi nyuso zao zimefunikwa, kwa sababu baada ya ushahidi walikuwa wanarudi kuishi palepale. Tarehe 5 Mei 2014 hukumu ilitolewa. Wengi walipatikana na hatia za uporaji au utovu wa nidhamu, maofisa waliachiwa. Waliopatikana na hatia ya kubaka walikuwa wawili tu. Wanawake na wasichana zaidi ya 130, na askari wawili.

Lakini nataka kuieleza kesi nyingine, kwa sababu hii ilitokea mbele ya macho yetu, ng'ambo ya ziwa. Usiku wa mwaka mpya, tarehe 1 Januari 2011, askari waliuvamia mji wa Fizi wakawabaka wanawake wengi. Mara hii mahakama haikusubiri. Mahakimu wa kijeshi walisafiri hadi Baraka, kando ya ziwa Tanganyika, wakakaa hapo, wakawasikiliza wanawake wenyewe. Tarehe 21 Februari, hata miezi miwili haijatimia, Luteni Kanali Kibibi Mutware alihukumiwa kifungo cha miaka 20, na baadhi ya walio chini yake wakahukumiwa pamoja naye. Hakuwa koplo aliyetolewa kafara. Alikuwa kamanda. Wavuvi waliokuja Kigoma siku zile hawakuwa na habari nyingine. Mmoja aliniambia kwamba watu walisimama nje ya mahakama tangu alfajiri, ili wamwone kanali akitembea bila mkanda wake.

Mahakama ile tembezi nayo iliendeshwa kwa msaada wa fedha za nje. Kwa hiyo mimi si miongoni mwa wanaosema wageni waende zao. Nasema tu kwamba msaada uliomwezesha hakimu kuvuka milima na kufika Baraka ulimjibu kapteni wangu vizuri kuliko vyeti thelathini. Askari wa Fizi ambaye kesho yake aliamriwa kufanya uovu alikuwa na kitu cha kumwambia mkubwa wake: "Unakumbuka ya Baraka?" Kifungu cha 28 kilikuwa kimepata miguu.

Na sisi huku tusijione bora kwa asili. Mwezi Januari 1964 nilikuwa mwanafunzi Tabora. Tarehe 20 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, na kesho yake wenzao wa Tabora wakafuata. Walitaka mishahara iongezwe na maofisa wa Kiingereza waondolewe. Tulifungiwa bwenini, tukichungulia madirishani. Jeshi lile lilikuwa limefunzwa na Waingereza vizuri sana. Lilijua kupiga gwaride kuliko jeshi lolote nililoliona tangu hapo. Lilivunjwa, na mwezi Septemba mwaka huohuo jeshi jipya likaanzishwa. Wakufunzi wa nje walikuja tena, Wakanada kuanzia 1965, na Wachina. Lakini safari hii nchi ilikuwa imejiuliza kwanza jeshi ni la nani na litaulizwa na nani, ndipo ikatafuta mwalimu. Sisemi kwamba tangu hapo mikono yetu imekuwa safi; watu wa Pemba wanaikumbuka Januari 2001, risasi za polisi zilipowaua waandamanaji. Nasema tu kwamba mwalimu wa kigeni anaweza kufundisha mengi, lakini hawezi kusimama nyuma ya mwanafunzi. Hapo pana nafasi ya mwenyeji peke yake.

Januari 2025 M23 walirudi, wakauteka Minova, na siku chache baadaye Goma. Niliisikiliza habari ile hadi mwisho, sikuizima redio. Nilifikiri juu ya wanawake waliofunika nyuso zao mahakamani, kwamba wamelazimika kukimbia tena, au wameshindwa kukimbia. Nilifikiri pia juu ya kozi ambazo bila shaka zitaandaliwa tena siku moja, vita vikitulia. Patakuwa na ukumbi wa hoteli, na jenereta, na mwanasheria kijana mwenye moyo safi. Na pembeni yake atakaa mkalimani.

Kwake yeye nina neno moja, kama maandishi haya yatamfikia. Usilisafishe swali. Likija na kanali wake, na mshahara wake, na watoto wake, lipitishe hivyo hivyo, hata siku iharibike. Wakufunzi wale wawili hawakuwa wajinga. Huenda yule mwanasheria angeliandika katika ripoti yake. Huenda mtu mmoja katika ofisi fulani angeliuliza kwa nini tunalipia ukumbi na hatulipii hakimu. Huenda lisingekwenda popote. Lakini hilo la kwenda au kutokwenda halikuwa la mimi kuamua, nami niliamua.

Basi nalitafsiri sasa, nikiwa nimechelewa. Kapteni aliuliza hivi: Siku nitakapokataa amri, ni nani atakayesimama nyuma yangu? Na ni nani atakayewalisha watoto wangu?